Fanusi ya Mfukoni

Harufu ya mafuta ya taa sikuitarajia Qurum, hapa Maskati, katika nyumba ya ndugu yangu Nassor, yenye kiyoyozi kila chumba. Nilialikwa chakula cha mchana siku ya Ijumaa. Wajukuu zake walikuwa wamenunua fanusi kuukuu sokoni Matrah, ya bati, kioo chake kina ufa, waitundike barazani iwe pambo kama watu wanavyopenda siku hizi. Mmoja wao akaitia mafuta aone kama bado inawaka. Utambi ukashika, ukatoa moshi mwembamba mweusi, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshainuka kwenda kufungua dirisha.

"Kaa, dada," Nassor aliniambia. "Hakuna mwenye pumu hapa."

Nikakaa. Yeye akawageukia watoto.

"Mnamwona bibi yenu huyu? Alikuwa hajatimiza miaka kumi na mbili. Usiku ule mama yetu alipozidiwa, yeye ndiye aliyekwenda kumwita muuguzi, na fanusi akatuachia sisi. Sisi tubaki na mwanga, yeye aende na kijitochi."

"Hukuogopa, bibi?" mmoja akaniuliza.

"Niliogopa," nilisema, nikaitazama sahani yangu.

Kisa hicho Nassor amekisimulia harusini na matangani kwa miaka mingi, na kila mara mimi hutazama sahani, au mikono, au mkeka. Hakuna neno la uongo ndani yake. Lakini si hivyo ilivyokuwa, na niliamini kwamba ninayejua ni mimi peke yangu.

Tulifika Maskati bila baba. Baba alitoka nyumbani Unguja asubuhi moja katika siku zile za mapinduzi na hakurudi. Wenzangu wa rika langu hawahitaji kuelezwa zaidi. Mama alipanda meli na mimi mkononi, Nassor mgongoni na Zuwena tumboni. Nilikuwa nimefika darasa la pili, na huko ndiko shule yangu ilikoishia, kwa sababu Maskati ya wakati ule haikuwa na shule ya wasichana. Ami yake baba alitupa kibanda cha makuti ya mtende nje ya ukuta wa mji, upande wa bondeni, ambako njia yote ilikuwa mawe. Mama alishona kofia. Kiarabu chake kilikuwa cha kusalimia na kununulia samaki tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake. Wanawake kisimani walimwita Mzinjibari, kwa dharau, mbele ya uso wake, naye akawaitikia kwa tabasamu, akidhani ni heshima. Sikumfasiria.

Pumu ilimwanzia hukohuko. Ilikuja na joto la mvuke, wakati hata ukuta unatoka jasho. Alikaa kitako, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka, na kifua kikitoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Ukimwuliza, alikuwa na jibu moja.

"N'na njaa ya pumzi, mwanangu. Itapita."

Ndani ya ukuta, si mbali na lango kubwa, kulikuwa na zahanati ndogo ya wanawake, na ndani ya zahanati kulikuwa na Sista Birte, muuguzi. Alitoka Denmaki, nchi ambayo mimi niliidhani ni mtaa wa London. Alikuwa mrefu, mwekundu kwa jua, na mikono yake ilinuka spiriti. Mara mbili alimchoma mama sindano, na mara zote mbili nilimwona mama akirudi mbele ya macho yangu: mabega yakashuka, kifua kikanyamaza, akaomba maji. Mimi nikajua jambo moja kwa yakini, kwamba sindano ile ikimfika mama kwa wakati, mama hafi.

Sista alikuwa na Kiarabu cha kuvunjika, mama alikuwa na Kiswahili, na mimi nilikaa katikati yao kwenye kibao. Alipenda maneno. Akimaliza kazi aliuliza hiki mnakiitaje, na kile mnakiitaje, kisha akanipa na la kwao.

"Kwetu maneno tunayaunga," aliniambia, akashikanisha vidole vya mikono miwili. Hospitali kwao ni nyumba ya wagonjwa, neno moja tu, limeshikana. Taulo ni nguo ya mkono. Kasa wa baharini ni chura mwenye ngao. Hilo nilipomfasiria mama alicheka hadi nikahofu pumu itamrudia.

"Mwambie na kwetu yapo," mama alisema akifuta macho. "Mwambie wewe ni kifunguamimba."

Nikamwambia Sista: ni mtoto aliyefungua tumbo la mama yake, wa mwanzo. Aliniangalia kwa muda kama ndiyo kwanza ananiona, kisha akaliandika neno kwenye daftari lake.

Siku hiyo ndiyo aliyonipa tochi. Alikuwa amepita nyumbani mchana kumtazama mama, akaikuta fanusi yetu ikining'inia msumarini juu ya mkeka wa mgonjwa, na ukutani nyuma yake alama ya masizi ndefu kama ulimi. Akapitisha kidole kwenye masizi, akanionyesha.

"Hii anaivuta mama," alisema. "Kila usiku."

Akatoa tochi kwenye mfuko wa gauni lake jeupe, ndogo, ya bati la fedha. Akanieleza taratibu, sentensi mbilimbili, kwa sababu alijua mimi ndiye nitakayekuwa nimeishika. Chumbani tusiwashe fanusi tena. Tena, mwanga wa mafuta hufanya nyuso zote kuwa za manjano, huwezi kujua aliye mzima na asiye mzima. Tochi husema kweli. Nimmulike mama midomo na kucha. Nikiona zinageuka rangi ya nili, nimfuate, saa yoyote ile.

"Fanusi ni ya njiani," alisema. "Hii ni ya ndani. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Sista."

"Rudia."

"Fanusi ya njiani. Hii ya ndani."

Kisha, kwa kuwa ndiyo ada yetu, nikamwuliza kwao inaitwaje. Akachukua karatasi ya kufungia dawa, akaniandikia kwa herufi kubwa: lommelygte. Akaligawa neno kwa kucha katikati. Upande huu, lomme, ni mfuko. Upande huu, lygte, ni fanusi.

"Fanusi ya mfukoni," nikasema.

"Barabara."

"Kwa hiyo ni fanusi."

"Ni fanusi," alisema, akikusanya vitu vyake. "Ya mfukoni."

Nilikuwa nimesoma hadi darasa la pili, na karatasi yenye maandishi ilikuwa kwangu sawa na hati yenye muhuri. Niliamini kitu ndicho kile jina lake linachosema, na kwamba jina likishaandikwa na mtu mzima mwenye elimu, limekwisha kuamuliwa. Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni mwa gauni langu, pamoja na kibiriti.

Mnaokumbuka Maskati ile mnakumbuka mzinga. Baada ya isha ngoma ilipigwa ngomeni, kisha mzinga ukalia, na malango ya mji yakafungwa. Aliyetembea baada ya hapo alitakiwa ashike fanusi inayowaka. Mtembea kwa miguu mwenye fanusi alipitishwa kwenye mlango mdogo uliokuwa ndani ya lango. Asiye na fanusi alikaa hapo hapo alipo, au alilala kizuizini. Ilikuwa hivyo, na hatukuiona ajabu zaidi ya kuchomoza kwa jua.

Watoto wa mtaani nilikwishawatambia tochi yangu. Niliwaambia nina fanusi isiyotaka mafuta wala kibiriti wala kufutwa kioo, na kwamba nikitaka nitapita nayo langoni.

"Askari atakurudisha, Mzinjibari," msichana wa jirani alisema.

"Hanirudishi. Nna karatasi."

Usiku wenyewe ulikuwa wa msimu wa tende. Nusu ya mtaa ilikuwa imehamia mashambani kwa mavuno, ami na watu wake pia, na vibanda vilivyotuzunguka vilikuwa vitupu. Joto halikushuka jua lilipozama. Mama alianza kabla ya ngoma. Mzinga ulipolia alikuwa hawezi tena kusema itapita. Nikammulika kwa tochi kama nilivyofundishwa, na midomo yake ilikuwa rangi ya nili. Katika duara lile dogo jeupe uso wake haukuwa wa mama. Zuwena aliuona akapiga yowe, akajificha chini ya kanga.

Hapa ndipo penye jambo langu. Fanusi ilikuwa nje mlangoni, ya njiani, kama nilivyorudia mbele ya Sista. Niliichukua, nikaiwasha, nikaiingiza ndani, nikaitundika msumarini juu ya mama.

"Sitaki giza," Zuwena alikuwa akilia.

"Hakuna giza. Tazama," nilisema. Nikamwambia Nassor, aliyekuwa na miaka sita, "Usiiguse hii taa. Hata kidogo. Ukiigusa utaniona."

Nilijiambia ninafanya hivyo kwa ajili ya Zuwena, na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka kupita langoni na tochi. Mama yangu alikuwa akitafuta pumzi, na mimi, pamoja na hofu yote niliyokuwa nayo, nilikuwa na nafasi moyoni ya kutaka jambo hilo. Nimeishi miaka mingi na sijapata kuilaumu hofu. Ninachokilaumu ni ile nafasi.

Nilikimbia juu ya mawe, tochi ikirukaruka mbele yangu. Langoni askari alikuwa amekaa juu ya benchi la mawe, bunduki mapajani, fanusi yake miguuni. Nilimmulika usoni. Akaweka mkono mbele ya macho.

"Shusha hicho. Nani wewe?"

"Mama mgonjwa. Nakwenda kwa Sista wa zahanati. Nifungulie, ami."

"Fanusi yako iko wapi?"

"Hii."

"Hiyo si fanusi, ewe binti."

"Ni fanusi. Kwao inaitwa fanusi ya mfukoni. Imeandikwa." Nikampa ile karatasi. Aliipindua, akaitazama juu chini, akanirudishia.

"Kwao wapi?"

"Denmaki."

"Basi nenda ukapite lango la Denmaki."

Hakuwa mtu mbaya. Nimemwangalia tena na tena kichwani na sikuuona ubaya. Aliniambia, kwa sauti ya mtu anayemweleza mwanawe, "Rudi nyumbani, chukua fanusi, nitakufungulia hapo hapo." Ningegeuka papo hapo ningekwenda na kurudi, na labda ningewahi. Sikugeuka. Nilisimama nikabishana. Nilimwambia inatoa mwanga kuliko yake. Nilimwambia Sista ni msomi na yeye hajui kusoma. Nilimwambia mama atakufa na itakuwa juu yake.

Alipochoka alichukua fanusi yake akainyanyua kifuani. Nikamwona mwili mzima: ndevu, kovu la nyusi, jambia kiunoni, viatu vya ngozi vilivyokatika.

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Sasa nimulike kwa hicho chako." Nikammulika. "Mimi sikuoni," alisema. "Naona jua dogo, na nyuma yake sijui kama yupo mtoto au mwizi. Fanusi humwonyesha aliyeibeba. Hicho kinanionyesha mimi na kukuficha wewe. Ndiyo maana si fanusi, hata kiitwe nini."

Hata hivyo nilibaki, sasa nikilia. Sijui ni muda gani. Mwishowe akatokea mzee wa Kibulushi, mchota maji, na fanusi yake mkononi. Askari akamwambia, "Mpitishe huyu chini ya taa yako." Mlango mdogo ukafunguliwa nikainama nikapita, nimeshika ncha ya shuka ya mtu nisiyemjua.

Sista alichukua mkoba na fanusi, na tuliporudi langoni askari alikwishafungua kabla hatujafika. Lakini Sista alipouona mkono wangu alisimama kidogo.

"Fanusi yenu iko wapi?"

"Nyumbani."

"Wapi nyumbani?"

"Ndani," nilisema.

Aliongeza mwendo.

Kibanda chetu kilikuwa giza tupu. Fanusi ilikuwa pale pale msumarini, imezimika, nikasema mafuta yamekwisha, nikajua kwamba sikuyatazama kabla ya kuondoka, nimewaacha wanangu gizani. Nasema wanangu kwa sababu tangu dakika ile walikuwa hivyo. Zuwena alikuwa amelala kifuani kwa mama. Nassor alikuwa amekaa amemshika mama kidole cha mwisho. Sista alininyang'anya tochi, akammulika mama midomo, kisha macho, kisha akaizima na kuikalisha mkekani. Mama alikuwa bado ana joto. Sista alikaa chini, gauni lake jeupe juu ya udongo, akaniambia neno ambalo sikulifahamu, la kwao, na mara hii hakulikata vipande.

Mengine ni kama ya wengi. Ami aliporudi kutoka mashambani kilikuwapo kikao cha kutugawa, Zuwena huku, Nassor kule. Nilikaa mlangoni nikasema hatugawiki, nikakaa hapo mpaka wakaudhika wakaenda. Nilimaliza kofia ambazo mama hakuzimaliza, kisha nikaanza zangu. Shule za wasichana zilipofunguliwa mimi nilikuwa nimeshapita umri, au nilisema nimepita. Zuwena ndiye aliyekwenda, na sare yake niliishona mwenyewe. Nassor akasoma, akapata kazi serikalini, akajenga. Fanusi ile niliitupa majini. Tochi imo sandukuni mwangu, imeshika kutu, na karatasi ndani yake mahali pa betri.

Binti wa Zuwena amesoma Ulaya, na mwaka jana nilimwomba anitazamie lile neno kwenye makamusi. Akaniambia lygte watu wa Denmaki waliipata kwa majirani zao wa kusini, na mzizi wake ni kutoa mwanga. Zamani ilikuwa taa ya kubebwa mkononi au kutundikwa mlangoni, yenye moto ndani. Ilipokuja hii ya betri, ya kuingia mfukoni, hawakutafuta jina jipya, walilichukua la fanusi wakaliungia mfuko. Nilimshukuru. Sista hakunidanganya basi. Neno lilikuwa linakumbuka kitu kilichokuwapo kabla, na mimi nikalipeleka kwa askari kama shahidi.

Ijumaa ile baada ya chakula Nassor alinirudisha nyumbani kwa gari yeye mwenyewe. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa bado kwenye buibui langu. Tulipofika mbele ya nyumba alizima injini, na mimi sikufungua mlango.

"Nassor, usikisimulie tena kile kisa."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu ya ndani na ya njiani, na masizi, na watoto wa mtaani, na karatasi, na nilivyobishana. Nilimwambia ile taa niliyowaachia ndiyo iliyokuwa ikimla mama pumzi, na kisha hata mafuta ilikuwa haina. Nilisema yote nikiitazama mikono yangu.

Aliutoa ufunguo wa gari, akaufumba kiganjani.

"Mafuta yalikuwapo," alisema.

"Nini?"

"Fanusi niliizima mimi. Ulinambia nisiiguse. Mama alinyoosha mkono juu, hivi, akawa anauonyesha msumari. Nikapanda juu ya sanduku nikaipuliza. Zuwena akalia, nikataka kuiwasha tena, lakini kibiriti ulikuwa umeondoka nacho wewe." Alishika usukani ingawa gari ilikuwa imesimama. "Ulipoingia ukasema mafuta yamekwisha. Nilikuwa na miaka sita, dada. Nilidhani mama amekufa kwa sababu nimegusa taa. Nikakuacha uamini ni mafuta."

"Na kisa chote hiki cha mwanga?"

"Nilitaka iwe ilikuwa inawaka."

Paka alipita mbele ya gari, akaingia chini ya uzio. Sote wawili tulimtazama.

"Ilipozimika alipata nafuu kidogo," Nassor alisema. "Si nyingi. Aliweza kusema."

"Alisema?"

"Alisema nikwambie. Sikukwambia, kwa sababu ungejua kwamba taa ilikuwa imezimwa." Sauti yake ilikuwa ya mzee wa miaka sitini na kitu, lakini alilitoa lile neno vile vile alivyolipokea, kwa Kiunguja cha mama. "Alisema, mwambie dada'ko asende mbio. Kuna mawe."

Nilifungua mlango wa gari. Kwangu kuna ngazi nane, na kwa miaka yote nimezipanda kama ninayechelewa mahali, hata magoti yalipoanza kunikataza. Nassor hakuondoka, alikaa ananitazama kwa nyuma. Nikashika ukuta, nikapanda ya kwanza, nikasimama, nikapanda ya pili.